Ndege za Mbao Zilizofundisha Macho ya Askari

Mtu akiona sanamu ndogo ya ndege iliyochongwa kwa mbao, imewekwa juu ya meza ya ofisi, mara nyingi hudhani kwamba ni pambo tu, au kitu cha kuchezea watoto. Kwa sanamu nyingi dhana hiyo ni sawa. Lakini zilikuwako sanamu nyingine ambazo hazikuchongwa kwa kupendeza macho wala kwa kuchezewa. Zilichongwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, tena na vijana wa shule, kwa shabaha moja tu: kumfundisha askari aliyesimama nyuma ya mzinga kutambua, katika muda wa sekunde chache, kama ndege inayomjia ni ya rafiki au ya adui. Askari huyo akikosea, waliokufa waliweza kuwa watu wa upande wake mwenyewe.

Habari za sanamu hizo zafaa kujulikana na kila mtu afanyaye kazi kwa mikono, na pia na yule afanyaye kazi kwa kalamu. Kwa maana zaonyesha jinsi kipimo kidogo kilichochukuliwa kwa uangalifu juu ya benchi la seremala kilivyoweza kuwa na thamani mahali palipo mbali maelfu ya maili. Wala hakuna ndege zionyeshazo jambo hilo vizuri zaidi kuliko zile za kuchukulia askari na mizigo. Ndege hizo ziliruka polepole, mara nyingi ziliruka chini, na nyingi hazikuwa na silaha za kujilinda. Ulinzi wao ulikuwa kutambuliwa na rafiki zao.

NDEGE ILIYOITWA DAKOTA

Katika ndege zote za kuchukulia askari na mizigo, iliyojulikana zaidi ni ile ambayo Wamarekani waliiita C-47, na Waingereza wakaiita Dakota. Asili yake ilikuwa ndege ya abiria, Douglas DC-3, iliyoruka kwa mara ya kwanza huko Santa Monica katika jimbo la California, tarehe 17 Desemba 1935. Vita ilipoanza, kiwiliwili chake kiliimarishwa, sakafu ikatiwa nguvu, na mlango mpana ukakatwa ubavuni ili mizigo mikubwa ipate kupita. Ndege moja iliweza kuchukua askari 28 wa miavuli, au mzigo wa ratili 6,000. Zaidi ya ndege 10,000 za namna hiyo ziliundwa. Jenerali Eisenhower, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Washirika katika Ulaya, aliitaja baada ya vita miongoni mwa vyombo vichache vilivyosaidia mno kuleta ushindi, ijapokuwa haikuundwa kwa ajili ya kupigana.

Askari wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua ndege hiyo vizuri. Katika mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na askari wa King's African Rifles, iliteremka katika bonde la Kabaw huko Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Ilikuwa wakati wa masika makubwa. Njia ziligeuka matope, magari yakazama, na hata nyumbu wakashindwa kupita. Chakula, risasi na dawa vilishushwa kutoka angani. Vitu vilivyoweza kuvunjika vilishushwa kwa miavuli. Mchele ulitiwa katika magunia yaliyowekwa moja ndani ya jingine, kisha ukatupwa hivyo hivyo bila mwavuli. Katika mwezi wa Desemba 1944 divisheni hiyo ilifika Kalewa, na kuvuka mto Chindwin. Kama ndege hizo zisingalifika, au kama zingalipigwa na mizinga ya upande wao wenyewe, watu wale wangalikufa kwa njaa katikati ya msitu.

Baada ya vita, Dakota zilirudi katika kazi ya amani. Katika miaka ya 1950 zilitumiwa na Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki kuchukua abiria na barua, na katika sehemu mbalimbali za dunia baadhi yake zilikuwa zingali zikiruka hata baada ya mwaka 2000.

SHIDA YA MTU WA MZINGA

Yafaa msomaji ajiweke mahali pa mtu aliyelinda anga. Ndege irukayo kwa mwendo wa maili 150 kwa saa hupita maili moja katika sekunde 24. Mlinzi huisikia kwanza, halafu huiona kama nukta nyeusi. Rangi yake haionekani, kwa maana kitu kikiwa mbali na nyuma yake pana mwanga wa mbingu, rangi zote huwa giza. Alama zilizopakwa juu ya mabawa hazionekani mpaka ndege imekwisha kukaribia mno. Mlinzi akingoja mpaka aone alama, na ndege ikawa ya adui, amechelewa. Akipiga kabla ya kujua, na ndege ikawa ya rafiki, amewaua ndugu zake.

Hata alama zenyewe ziliweza kudanganya. Ndege za Marekani zilikuwa na nyota nyeupe yenye duara nyekundu katikati, na za Wajapani zilikuwa na duara kubwa nyekundu peke yake. Kwa mbali, mtu mwenye hofu aliona wekundu tu. Kwa sababu hiyo, katika mwaka 1942 Wamarekani waliiondoa duara nyekundu katika nyota yao.

Lililobaki, basi, lilikuwa umbo. Mkulima huwatambua ng'ombe wake wangali upande wa pili wa bonde, kabla hajaona rangi wala alama, kwa namna wanavyosimama na kwa pembe zao tu. Hakujifunza hayo kwa kusoma kitabu. Amewaona kwa pande zote, siku zote. Lakini askari aliyetoka mjini au shambani juzi, na ambaye hajapata kuona ndege kumi maishani mwake, atapataje ujuzi wa namna hiyo katika muda wa majuma machache? Picha zilisaidia, ila picha ina upande mmoja tu. Sanamu yaweza kugeuzwa, kuinuliwa, kutungikwa darini, na kutazamwa kutoka mbele, chini, nyuma na ubavuni.

KAZI ILIYOPEWA SHULE

Marekani iliingia vitani katika mwezi wa Desemba 1941. Mapema mwaka 1942 Jeshi lake la Majini liliona kwamba lilihitaji sanamu nyingi mno kwa mafunzo, na viwanda vilikuwa vimeshughulika na ndege zenyewe, mizinga na merikebu. Madini pia yalihitajiwa kwa kazi hizo. Basi, kwa mkono wa Idara ya Elimu, jeshi likazigeukia shule za sekondari. Likataka sanamu 500,000: aina 50 za ndege, na kwa kila aina sanamu 10,000.

Shule zilipelekewa ramani za ndege na maagizo ya kazi. Mbao zilitafutwa na shule zenyewe, aghalabu msonobari au miti mingine laini isiyo na mafundo. Wanafunzi walichonga katika vyumba vya useremala, chini ya uangalizi wa walimu wao. Kazi ilipokwisha ilikaguliwa, na sanamu ambayo haikulingana na vipimo haikukubaliwa. Kijana ambaye sanamu zake zilikubaliwa alipewa hati yenye cheo cha heshima, nacho kilipanda kadiri alivyochonga nyingi zaidi.

Sanamu zote zilifuata kipimo kimoja, yaani sehemu moja kwa 72. Maana yake ni kwamba kila inchi moja ya sanamu ilisimama badala ya futi 6 za ndege ya kweli. Kipimo hicho hakikuanzia vitani. Katika Uingereza, tangu mwaka 1932, watu waliopenda kazi hiyo walikuwa wakinunua vipande vya mbao vilivyoitwa Skybirds, ambavyo waliviunganisha kuwa sanamu za ndege za kipimo hicho hicho. Hivyo, mchezo wa wakati wa amani ukawa chombo cha mafunzo wakati wa vita.

NAMNA YA KUCHONGA

Ndege ya Dakota ina upana wa futi 95 na inchi 6 kutoka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili, na urefu wa futi 63 na inchi 9. Ukigawanya kwa 72, upana wa sanamu ni pungufu kidogo ya inchi 16, na urefu wake ni inchi 10 na nusu na zaidi kidogo. Kwa hiyo ni kitu cha kuenea juu ya meza ndogo.

Kwanza ramani hubandikwa juu ya karatasi ngumu, na maumbo yake hukatwa kwa wembe au kisu kikali. Hivyo ndivyo vigezo. Kimoja chaonyesha ndege kwa ubavu, kingine kwa juu, na vingine vidogo vyaonyesha unene wa kiwiliwili mahali mbalimbali, kila kimoja kikiwa kimekatwa uwazi wa mviringo wa kuvishwa juu ya mti. Fundi mwema hakati hata ubao mmoja kabla ya vigezo vyake kuwa kamili, kwa maana kosa lililo katika kigezo litaingia katika kila sanamu itakayotoka humo.

Kisha huchukuliwa kipande cha mbao kilichonyoshwa kwa randa, chenye pembe za mraba. Umbo la ubavu huchorwa kwa kalamu ya risasi na kukatwa kwa msumeno mwembamba. Halafu umbo la juu huchorwa na kukatwa vivyo hivyo. Sasa fundi anacho kiwiliwili ambacho ukikitazama kwa ubavu ni sawa, na ukikitazama kwa juu ni sawa, lakini kingali na pembe nne kama sanduku. Hapo ndipo kazi ya kisu inapoanza. Pembe hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mti, maana kisu kikienda kinyume cha nyuzi hupasua. Kila mara kigezo cha unene huvishwa na kuinuliwa mbele ya mwanga. Mahali mwanga unapopenya, mti umepungua. Mahali kigezo kinapokataa kukaa, mti umezidi. Kilichozidi chaweza kuondolewa, lakini kilichopungua hakirudi.

Mabawa huchongwa kwa ubao mwingine. Hapa wanafunzi wengi walijikwaa, kwa maana bawa la Dakota lina tabia zake. Sehemu ya katikati, ibebayo injini, imelala sawasawa. Lakini sehemu za nje zimeinuka kidogo kuelekea nchani. Tena ukingo wa mbele wa sehemu hizo za nje umerudi nyuma sana, na ukingo wa nyuma umekaribia kunyoka. Mtu akiyachonga mabawa yaliyonyoka pande zote, au yaliyolala sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, huenda amechonga sanamu ya kupendeza sana, lakini hakuchonga Dakota.

Baada ya hapo huchongwa vibanda viwili vya injini vinavyochomoza mbele ya bawa, na mkia wenye usukani mmoja wa wima. Sehemu zote huunganishwa kwa gundi, na fundi hupima kutoka ncha ya kila bawa mpaka mkiani ili ahakikishe kwamba pande mbili zimelingana. Nyufa huzibwa, mti husuguliwa kwa msasa wa kukwaruza na kisha kwa msasa laini, na mwisho hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Haikuchaguliwa rangi nyeusi kwa uzuri wake, bali kwa sababu ndivyo ndege ionekanavyo dhidi ya mbingu. Mwanafunzi aliyetaka kupaka nyota na namba alizuiliwa, maana alama zingalimfundisha askari kutafuta kile ambacho vitani hatakiona.

Kosa dogo lilikuwa na uzito gani? Hesabu yenyewe yatosha kujibu. Sanamu ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, ni kama ndege ya kweli imezidi kwa inchi 9. Injini ikisogezwa kwa robo inchi, ni kama imesogezwa kwa futi moja na nusu. Askari aliyejifunza kwa sanamu kumi zenye makosa kumi mbalimbali hakujifunza umbo lolote. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama ukucha.

DARASA LA MACHO

Sanamu ilipofika kambini, ilitungikwa kwa uzi au kushikwa mbele ya ukuta mweupe. Kwa kuwa kila kitu kimepunguzwa mara 72, umbali nao huhesabiwa hivyo hivyo. Sanamu iliyo futi 35 kutoka kwa mtazamaji huonekana sawa na ndege ya kweli iliyo umbali wa futi 2,520, yaani karibu nusu maili. Chumba cha kawaida, basi, kiligeuka kuwa uwanja mkubwa wa anga.

Askari alifundishwa kuuliza mambo manne kwa taratibu: mabawa, injini, kiwiliwili, mkia. Mabawa yako juu ya kiwiliwili au chini? Yamenyoka au yamerudi nyuma? Injini ni ngapi? Kiwiliwili ni chembamba au kinene? Mkia una usukani mmoja au miwili? Baadaye walimu waliona kwamba maswali hayo yafaa kwa kuanza tu, kwa maana vitani hapana nafasi ya kuhesabu. Basi walionyesha picha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mpaka askari akaitambua ndege nzima kwa mara moja, kama mtu atambuavyo uso wa jirani yake njiani.

Mfano mzuri ni Dakota na ndege ya Wajerumani iitwayo Junkers Ju 52, iliyochukua askari wa miavuli kuingia kisiwa cha Krete katika mwezi wa Mei 1941. Mtu akizipima kwa upana, Junkers ina karibu futi 96, na Dakota futi 95 na nusu. Katika sanamu tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya inchi. Kwa hiyo ukubwa hausaidii kitu. Lakini Junkers ina injini tatu, moja ikiwa puani. Magurudumu yake hayakunjwi, hubaki yananing'inia kama miguu ya korongo. Na bati la mwili wake lina mikunjo kama bati la kuezekea nyumba. Aliyeshika sanamu za ndege hizo mbili mkononi mwake hawezi tena kuzichanganya.

MAHALI AMBAPO UMBO HALIKUTOSHA

Ni haki pia kusema kwamba sanamu haikuweza kutimiza kila jambo. Mwaka 1938 Wajapani walinunua ruhusa ya kuunda ndege ya DC-3 katika viwanda vyao, na wakaunda zaidi ya 480. Hivyo Japani nayo ilikuwa na Dakota yake, yenye mabawa yale yale na mkia ule ule. Mbele ya ndege hiyo, mwanafunzi hodari kupita wote angaliweza kusema jina la ndege, lakini si jina la mwenyewe.

Tena kuna usiku. Majeshi ya Washirika yaliingia Sicily, kisiwa cha Italia, tarehe 10 Julai 1943. Usiku wa tarehe 11, ndege 144 za namna ya Dakota ziliondoka Tunisia zikichukua askari wa miavuli wa Marekani, ili kuwaongezea nguvu wenzao waliokuwa karibu na mji wa Gela. Mchana kutwa ndege za Wajerumani zilikuwa zimezishambulia merikebu za pwani hiyo, na shambulio la mwisho lilikuwa limepita kitambo kidogo tu. Onyo la kwamba ndege za rafiki zitapita lilikuwa limetolewa, lakini halikumfikia kila mtu aliyepaswa kulipata. Ndege za kwanza zilishusha watu wao kwa salama. Kisha mzinga mmoja ukapiga. Mizinga mingine ikafuata, ya nchi kavu na ya merikebu, mpaka anga yote ikawaka moto. Ndege 23 zilipotea, na 37 ziliharibika vibaya. Watu wengi walikufa wangali ndani ya ndege, na wengine walipigwa wakiwa wananing'inia katika miavuli yao. Wote walikuwa wa upande mmoja na wale waliowapiga.

Usiku ule hapakuwa na umbo la kutazama, wala darasa lolote la macho lisingalitosha. Kilichokosekana kilikuwa habari iliyofika kwa wakati, na amri iliyotiiwa mpaka mwisho. Hapa ndipo kazi ya mwenye patasi inapokutana na kazi ya mwenye kalamu. Mmoja alipima mti mpaka ukawa sawa. Mwingine alipaswa kuhakikisha kwamba tangazo limepokelewa na kila kituo, na kwamba kila aliyelipokea amelielewa. Kazi ya mmoja haiwezi kuziba pengo la mwenzake.

Washirika hawakusahau somo hilo. Mwaka uliofuata, siku chache tu kabla ya kuingia Normandy katika Ufaransa, ndege zao zilipakwa mistari mitano mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi, juu ya mabawa na kukizunguka kiwiliwili. Katika Dakota kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 24. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, ndege za namna hiyo zaidi ya 800 zilivuka bahari zikiwa na askari wa miavuli wa Marekani. Nyingi zilipigwa na Wajerumani, lakini msiba wa Sicily haukurudiwa.

BAADA YA SHULE KUFUNGA KAZI

Kazi ya wanafunzi haikudumu mpaka mwisho wa vita. Kiwanda cha Cruver, katika mji wa Chicago, kilianza kutengeneza sanamu kwa plastiki iliyotiwa katika kalibu, nazo zilifanana zote, tena zilipatikana upesi. Polepole zikachukua nafasi ya zile za mbao. Hata hivyo plastiki ya siku zile ilikuwa na udhaifu wake. Miaka ilipopita, nyingi zilijikunja na mabawa yao yakapindika. Sanamu ya mbao iliyochongwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu ingali imenyoka hata leo, na baadhi yake zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, zikiwa na weusi wao ule ule.

Ufundi wenyewe haukufa. Katika nchi mbalimbali, na hasa Ufilipino, mafundi huchonga sanamu za ndege za zamani kwa mbao ya mahogani, na Dakota ni miongoni mwa zile zipendwazo sana. Siku hizi sanamu hizo hupakwa rangi kamili: kijani cha vita, nyota nyeupe, na aghalabu ile mistari mitano ya Normandy. Wanunuzi wake ni marubani waliostaafu, watoto wa askari wa zamani, na watu wapendao historia. Ziko nyingi zilizochongwa kwa haraka, ambazo rangi yake hung'aa lakini mabawa yake si ya Dakota wala ya ndege nyingine yoyote.

Mtu atakaye kujua sanamu njema na asidanganywe na rangi, yafaa afanye kama walivyofanya walimu wa mwaka 1942. Aiweke mbali, mahali penye mwanga nyuma yake, mpaka rangi zote zipotee na libaki umbo tu. Atazame kama sehemu za nje za mabawa zimeinuka, kama ukingo wa mbele umerudi nyuma na ule wa nyuma umekaribia kunyoka, kama injini mbili zimekaa mahali pake. Kisha apime kutoka kila ncha ya bawa mpaka mkiani. Kama pande mbili zalingana, aliyeichonga alikuwa fundi.

Wengi wa vijana wale wa shule hawakupata kujua sanamu zao zilikwenda wapi. Haikuwezekana kumwambia mwanafunzi kwamba kwa sababu ya robo inchi aliyoirekebisha siku fulani, ndege fulani ilipita salama juu ya mizinga ya rafiki zake. Waliambiwa kipimo tu, wakakifuata. Kazi nyingi zenye manufaa katika shamba na katika ofisi ni za namna hiyo: azitumiaye hamjui azifanyaye, wala azifanyaye hamwoni azitumiaye, na kipimo ndicho kinachowaunganisha.